Ukiuona Mwani, Uulize Unakula Nini

Wanangu mnaofuga samaki Mpanda, tangu mabonde ya Kakese na Mwamkulu hadi Nsimbo, Mishamo na Mpimbwe, barua hii ni yenu.

Swali mnaloniletea tangu mvua zikatike ni lile lile. "Mzee, bwawa limeota nyuzi za kijani. Tunazitoa leo, wiki ijayo zimerudi. Tuweke dawa gani?" Nimewajibu mmoja mmoja mkiwa mmesimama kwenye tuta, na baadhi yenu tayari mkononi mlikuwa na mfuko wa mrututu, ile dawa ya shaba, kutoka duka la pembejeo. Leo nawaandikia na wale ambao sijafika kwenye mabwawa yao. Msimwage kitu chochote majini kabla hamjajua huo mwani unakula nini.

Mwani hauletwi na jicho la jirani. Unahitaji jua, maji yaliyotulia na chakula, basi. Jua la mkoa wetu wa Katavi hakuna wa kulizima. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu ziko wazi, maji ya bwawa yanapungua na yanapata joto. Kutulia nako ndiyo tabia ya bwawa. Kilichobaki mikononi mwenu ni chakula, na chakula cha mwani ni naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile mnavyovinunua kwenye mfuko wa DAP na NPK kwa ajili ya mahindi na tumbaku. Shambani mnavilipia. Bwawani vinaingia bila kubisha hodi.

Jambo hili lilishapimwa mchana kweupe. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada, David Schindler akiwa mbele yao, walichukua ziwa dogo katika jimbo la Ontario linaloitwa Ziwa 226, wakaligawa pande mbili kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, lakini upande mmoja tu wakaongeza fosforasi. Upande ule ukageuka kijani kizito, mwingine ukabaki kama ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani ilikuwa na nguvu kuliko maneno, na ilisaidia kuwashawishi watawala wapunguze fosforasi kwenye sabuni za kufulia. Nawaeleza kisa hiki kwa sababu kila bwawa la Mpanda lenye mwani sugu lina mahali fosforasi inapoingilia. Kazi ya kwanza ya mfugaji ni kuutafuta mlango huo, na mara nyingi anaufungua mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni.

Naizungumzia pumba. Mnapomwaga pumba za mpunga, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, mnadhani chote kinaingia tumboni mwa samaki. Hakiingii. Hata kile kinacholiwa vizuri, ni kama robo tu ya naitrojeni na fosforasi yake inayobaki mwilini mwa samaki. Nyingine inarudi majini kwa mkojo na kinyesi. Na kile kisicholiwa kinazama chote na kuoza chini. Kwa hiyo ukimwaga debe kwa macho, kwa kuwa tu ndivyo ulivyomwaga jana, umefuga mwani kwanza na samaki baadaye.

Lisha hivi. Chagua kona moja na saa moja, usihamehame. Rusha konzi moja, usimame utazame. Samaki wenye njaa watapanda kwa fujo, maji yatachemka. Rusha nyingine. Mara fujo inapopoa, wakaanza kuja mmoja mmoja na kugeuka, funga mfuko uondoke, hata kama kipimo ulichopanga hakijaisha. Chakula ambacho robo saa imepita bado kinaelea ni mali ya mwani. Siku ya baridi au ya mawingu mazito punguza zaidi, maana samaki hali kama siku ya joto. Kijana anayesimama hapo akatazama atajua mengi kuhusu bwawa lake kuliko anayekuja na kipimo na kuondoka mbio.

Mlango wa pili ni samadi. Kurutubisha bwawa ni jambo jema, na nitalisema zaidi mbele, lakini samadi haitupwi kwa koleo katikati ya maji. Itie kwenye kiroba chenye matundu, ukifunge kwenye kijiti pembeni, ili virutubisho vitoke kidogo kidogo, na siku maji yakizidi ukijani ukitoe kiroba ukiweke juu ya tuta. Iliyokwisha kumwagwa huwezi kuizoa.

Wa tatu ni shamba lililo juu yako. Mabonde yetu ndiko maji yote ya mvua yanakokimbilia, yakiwa yamebeba udongo na mbolea ya mahindi ya watu. Chimba mtaro wa kukinga upande wa mwinuko, uyapeleke maji hayo pembeni, na kati ya mtaro na bwawa acha ukanda wa majani mazito usiolimwa. Na mifugo isiingie kunywa ndani ya bwawa. Nawaambia ndugu zangu wafugaji kwa heshima: tengenezeni birika nje, mchote maji muwatilie ng'ombe humo. Ng'ombe akisimama majini anaacha kinyesi na anabomoa kingo, na kingo zikibomoka bwawa linakuwa na kina kifupi. Kina kifupi ndicho nitakachokitolea maneno mengi mbele kidogo.

Kabla sijafika huko, lazima ujue unapambana na mwani wa aina gani, maana kuna wa kupigwa vita na kuna wa kupaliliwa. Chukua fimbo, ichovye majini, uinue. Ikitoka na nyuzi zinazoning'inia, ndefu, zinazoteleza au kukwaruza kidogo vidoleni, huo ni mwani wa nyuzi. Ikitoka imepakwa rangi ya kijani au ya kijanibuluu, kama uliichovya kwenye kopo la rangi ya mlango, hiyo ni aina nyingine na ni ya hatari. Kitaalamu hao ni bakteria wanaotumia jua kama mimea. Baadhi yao hutoa sumu inayoshambulia ini, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Wenzetu wa Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, wanaufahamu vizuri utando huo. Ukiuona, zuia watoto na mifugo wasinywe, acha kulisha, ondoa kiroba cha samadi, ingiza maji mapya kama unayo, na umwite afisa uvuvi wa halmashauri aje aone kwa macho yake.

Ikiwa fimbo haitoki na kitu ila maji yenyewe ni ya kijani hafifu, mshukuru Mungu. Hiyo ni mimea midogo isiyoonekana moja moja, ndiyo ugali wa perege. Ipime kwa mkono wako: inama ukingoni, zamisha mkono ulionyooka huku umekunja kiganja kwa pembeni. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko au juu yake kidogo, bwawa liko sawa. Kikipotea kabla ya kiwiko, umezidisha mbolea. Maji yakifika begani na bado unaviona vidole vyako vyote, bwawa lina njaa.

Hapo ndipo siri ya nyuzi ilipo, na vijana wengi wanaikataa wanapoisikia kwa mara ya kwanza. Nyuzi hupenda maji maangavu. Huanzia chini kwenye tope, penye mwanga, ndipo hupanda. Bwawa lililochimbwa kwa jembe likaishia kina cha magotini, maji yake yakiwa meupe, limewaandalia nyuzi kitanda. Jua linafika chini kutwa nzima, na virutubisho viko pale pale kwenye tope. Unavuta nyuzi za juu, mizizi ya jambo imebaki. Ndiyo maana "zimerudi".

Kwa hiyo ongeza kina. Upande wa kuingilia maji usipungue sentimita 70, upande wa kutolea ufike mita moja hadi moja na nusu, na kingo zishuke kwa mteremko wa kutosha ili pasiwe na ufukwe mpana wa maji ya kifundoni. Ni kazi ya jembe, koleo na toroli, tena kazi ngumu. Lakini ukiifanya vizuri hairudiwi mwakani. Bwawa lenye kina na ukijani mwembamba wa kiasi lina kivuli chake lenyewe. Mwanga haufiki chini, na nyuzi hazina pa kuanzia.

Angalizo moja hapo: usirutubishe bwawa wakati nyuzi zimetanda. Zitakula zenyewe hiyo mbolea kabla ya ile mimea midogo. Kwanza zitolewe.

Na zinatolewa kwa mikono. Sijui njia nyingine ninayoweza kumshauri mtoto wangu. Tengeneza reki ya mbao yenye mpini mrefu na meno yaliyotawanyika, yasiyokwaruza tope. Usianze asubuhi. Ngoja alasiri, jua likiwa limepiga kwa saa kadhaa. Nyuzi zikipata jua hutoa oksijeni, vipovu vinanaswa katikati yake, na blanketi zima linang'oka chini likaelea. Ukiinama utaviona vipovu vyenyewe, vidogo, vinang'aa ndani ya ule mkeka. Wakati huo upepo nao umelisukuma upande mmoja wa bwawa. Sasa vuta taratibu kuelekea kwako, likunje, lisikatike, maana kila kipande kinachokatika na kubaki kinaweza kuota upya. Likifika ukingoni, litikise ndani ya maji kabla ya kulinyanyua, vifaranga wa samaki waliojificha humo watoke. Kisha libebe mbali. Nimeona watu wanalirundika juu ya tuta, mvua inanyesha, uozo wote unarudi bwawani na fosforasi yake. Lipeleke kwenye shimo la mboji au chini ya migomba. Ulichokibeba kwenye toroli ni mbolea yako iliyotoroka, unairudisha shambani.

Kama nyuzi zimefunika bwawa lote, gawa kazi kwa siku kadhaa. Na ukimaliza, anza tena wiki inayofuata, na inayofuata, huku ukiwa umeifunga ile milango. Utaona kila safari toroli linapungua. Wengi huacha katikati kwa sababu wanataka matokeo ya siku moja, na mtu anayetaka matokeo ya siku moja ndiye mteja wa mrututu.

Nifike sasa kwa huo mrututu, kwa kuwa ndio unaoniumiza roho. Ni kweli shaba iliyomo inaua mwani, na inaua haraka. Tatizo ni yanayofuata. Mwani wote ukifa kwa mpigo, unaoza kwa mpigo, na kuoza kunakula oksijeni ya maji. Usiku hakuna jua la kutengeneza nyingine. Kufikia alfajiri samaki wako juu, midomo nje, wanatweta, na jua linapochomoza wanaelea. Isitoshe, shaba yenyewe ni sumu kwa samaki, hasa penye maji yenye chokaa kidogo. Na tofauti na samadi, shaba haiozi. Inashuka kwenye tope na kukaa humo, ukiongeza mwakani inajilimbikiza.

Halafu fikirini maji yenu yanaelekea wapi. Mto Katuma unapita Sitalike, pale mnapokwenda kuwatazama viboko, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na Ziwa Chada, na maji yake yanaelekea Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia mle kinabaki mle, hakuna bahari ya kukisombea mbali. Wako perege wa asili wa Ziwa Rukwa, wanaoitwa kitaalamu Oreochromis rukwaensis, ambao asili yao ni bonde hilo tu duniani. Mfuko mmoja wa mtu mmoja unaweza kuonekana mdogo, lakini mabwawa ni mengi na yanaongezeka.

Na mkitaka kuelewa habari ya oksijeni, hao viboko wa Sitalike ni walimu tosha. Usiku wanakula majani nchi kavu, mchana wanashinda majini wakinya. Kiangazi mto ukikatika wanabanana kwenye vidimbwi, na maji yanajaa uozo. Watafiti waliofanya kazi kwenye Mto Mara, nchini Kenya na Tanzania, walionyesha kwamba mvua inapovisafisha vidimbwi vya viboko, maji yale yasiyo na oksijeni huteremka na kuua samaki walio chini ya mto. Hakuna aliyemwaga sumu pale. Ni chakula kilichozidi maji, basi. Bwawa lako lililolishwa kupita kiasi linaweza kufanya vivyo hivyo lenyewe, hata bila mrututu, hasa usiku wa kuamkia siku ya pili au ya tatu ya mawingu. Siku ukiwakuta samaki wanatweta alfajiri, usilishe kabisa siku hiyo. Fungulia maji mapya, na kama huna, chota ya bwawa lenyewe kwa ndoo uyamwage kutoka juu, yapige uso wa maji kwa nguvu. Oksijeni inaingia hivyo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu samaki wa kula mwani. Swali zuri. Anayetaka kuona vinywa vinavyofanya kazi hiyo ateremke Ikola au Karema, kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika. Maji pale ni maangavu, jua linapiga mawe ya chini, na mwani upo juu ya kila jiwe, lakini haurefuki. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, na virutubisho vingi vimekaa vilindini ambako maji hayachanganyiki na ya juu kwa urahisi, kwa hiyo mwani wa juu unaishi kwa kubahatisha. Halafu wapo walaji. Yuko samaki mmoja mdogo mweusi wa jamii ya Tropheus, ana mkanda mpana wa njano ubavuni, mdomo wake umeelekea chini. Kutwa nzima anakwangua jiwe kwa meno yake madogo na kumfukuza kila anayesogelea kipande chake. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanamtambua kwa jina la kijiji chetu: wanamwita Ikola. Wanamtunza sebuleni kwenye tangi la kioo. Na wenzao wanaofuga matumbawe katika matangi ya maji ya chumvi wanahangaika na nyuzi za kijani zile zile zinazowahangaisha ninyi. Wazoefu miongoni mwao, pamoja na taa zao na mashine zao, wanaishia kufanya haya ninayowaambia: wanapunguza chakula, wanabadilisha sehemu ya maji, wananasa fosforasi kwa vichujio, wanatoa mwani kwa mkono, kisha wanaongeza konokono na samaki walaji.

Walaji wanakuja mwisho, wanangu. Perege na sato watakusaidia, wanakula mimea midogo na wanadonoa mwani mlaini, lakini nyuzi ngumu zilizokwisha kutanda hawaziwezi, na ukiwajaza pumba hawatazigusa kabisa. Na msisikilize anayewauzia samaki mgeni wa kula majani bila kibali. Hata sato, akitoroka na maji ya mafuriko akaingia mtoni, anazaana na perege wa asili na kuupoteza uzao wao. Wekeni wavu kwenye bomba la kutolea maji, na muulizeni afisa uvuvi ni mbegu gani inaruhusiwa upande wenu, maana mkoa wetu una maji yanayokwenda Rukwa na yanayokwenda Tanganyika, na samaki wa huku si wa kule.

Kwa bwawa lililoshindikana, suluhisho liko kwenye kiangazi chetu wenyewe. Vuna samaki wote Agosti au Septemba, toa maji polepole kupitia shamba la mboga yasiende mtoni moja kwa moja, kisha acha bwawa likauke hadi tope lipasuke na uweze kutembea juu yake bila kuacha unyayo. Ondoa lile tope jeusi la juu. Humo ndimo fosforasi ya misimu yote ilimolala. Lipeleke bustanini. Rekebisha kingo, ongeza kina, tandaza chokaa ya kilimo chini, usubiri. Najua msimu mmoja bila samaki ni msimu bila hela, na wapo wenye marejesho ya mkopo wa vijana wa halmashauri yanayowasubiri. Kama mko kikundi chenye mabwawa mawili au matatu, kausheni moja kila mwaka kwa zamu.

Mvua zikianza Novemba, maji ya kwanza ndiyo machafu kuliko yote, yamefagia mashamba yaliyokaa wazi miezi mitano. Msiyaingize. Yapitisheni kwenye mtaro wa kukinga yaende zake, ndipo mjaze bwawa kwa yanayofuata. Mtaro huo uchimbwe Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu. Na aliyekwisha kununua mrututu asiumwage bwawani, asiumwage mtoni, wala asiutupe jalalani. Aurudishe dukani.